Mama Asiyekuwemo Kwenye Faili

Hamimu alinyonyeshwa na mama mmoja kwa mwaka na miezi michache, kisha akalelewa na mwingine kwa miaka ishirini na tisa. Wa kwanza aliitwa Yasmina. Alifariki mwaka 1970 kwa homa ambayo hakuna aliyejua jina lake. Wa pili ni Mama Hayat, ambaye Idi, baba yake Hamimu, alimwoa kabla mwaka huo haujaisha, na huyo ndiye ambaye barabara yetu nzima pale Bwiza, mjini Bujumbura, ilimjua kuwa mama wa Hamimu. Nasema barabara yetu kwa sababu nilikulia hapo. Naitwa Khaled, natengeneza redio, na baraza langu linatazamana na mlango wao. Nilikuwa na miaka kumi na minne niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba Mama Hayat hakumzaa Hamimu, na aliyelisema alikuwa mgeni kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, ambaye wakubwa walimkatiza asimalize.

Mama Hayat alizaa mtoto mmoja tu, binti aitwaye Sijaona, na hakuwahi kumtofautisha na Hamimu. Hamimu alipofukuzwa shule kwa kupigana, Mama Hayat alikwenda kukaa mbele ya ofisi ya mkuu wa shule kila asubuhi kwa wiki nzima, hasemi kitu, anasubiri tu, mpaka wakamrudisha mtoto ili waondokane naye. Idi alipofariki, yeye ndiye aliyempeleka Hamimu bandarini na kumwombea kazi ya kujifunza ufundi wa mashine kwenye meli za mizigo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito na mwendo wa haraka, na hakupenda kuambiwa ngoja.

Mwaka 1996, nchi jirani zilipotufungia mipaka, meli za mizigo zilikaa gatini zikiota kutu. Wakati huohuo jeshi lilikuwa linatafuta watu wanaojua mashine za dizeli za boti kwa ajili ya kikosi cha ziwani. Hamimu akajiandikisha. Mtaani kuna waliomlaumu, maana vita ilikuwa imekwisha kuhamisha nusu ya majirani zetu, na kila mtu alikuwa na lake la kusema kuhusu sare. Mama Hayat alinuna siku tatu, kisha akauliza kama huko majini kunakuwa na baridi.

Siku ya kujiandikisha, karani alimuuliza jina la baba, akalitaja. Akamuuliza jina la mama aliyemzaa, na Hamimu, ambaye si mtu wa kusema uongo mbele ya karatasi, akasema Yasmina. Yuko hai? Amefariki. Karani akaandika. Nafasi ya mama ilikuwa mstari mmoja tu, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Ziwa Tanganyika si bahari, lakini kwa mtu aliye juu ya boti katikati ya maji na asiye na njia ya kushuka, tofauti ni ndogo. Mwezi wa saba mwaka 1999, boti ya Hamimu ilikuwa ikilinda upande wa kusini, maji ya Nyanza-Lac. Walikuwa watu tisa, na mkuu wao alikuwa Luteni Callixte, kijana wa Ngagara, mtoto wa karani wa posta. Waliambiwa watakaa wiki tano. Sasa ilikuwa wiki ya saba na boti ya kuwapokea zamu haikuwa imetajwa. Fundi wa mashine alikuwa Hamimu peke yake. Mashine ya kuume ilikuwa mbovu tangu mwezi uliopita, pampu ya dizeli inavuja, vipuri hakuna, na yeye alikuwa anaishi nayo kama mtu anavyoishi na mgonjwa, akiisikiliza hata anapokula. Kila jioni saa kumi na moja waliwasiliana na Bujumbura kwa redio.

Jumapili moja asubuhi, Mama Hayat alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Sijaona, ambaye ni mshonaji, alikuwa barazani na cherehani yake, akasikia beseni limeanguka. Alinipigia kelele, nikavuka barabara. Tulimkuta amekaa chini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kuume umelegea kabisa. Tulimpeleka hospitali kwa teksi ya jirani. Daktari alisema ni kiharusi kikubwa, na akamwambia Sijaona kwa upole kwamba kama kuna ndugu walio mbali, waitwe.

Maneno yake mengi yalikuwa yameharibika, huwezi kuyapambanua. Jina la Hamimu ndilo lililotoka safi. Alilitaja jioni ile mara nyingi sana, akitazama mlango wa wodi, na kila mwanamume aliyeingia alimfuata kwa macho.

Jumatatu Sijaona alikwenda kwenye geti la kikosi bandarini. Walimwacha asimame juani mpaka saa sita, ndipo akatoka askari mmoja akaandika ujumbe wake kwenye kipande cha karatasi. Jioni ile redio ya boti ikasema: mama wa fundi amepooza, yuko hospitali, anamwita. Hamimu aliniambia baadaye kwamba aliusikia ujumbe huo akiwa na mikono yenye mafuta, na jambo la kwanza alilofanya ni kuinawa, kana kwamba anaondoka saa hiyohiyo.

Callixte hakusita. Aliandika ombi la ruhusa ya dharura palepale, akalisoma redioni mwenyewe. Walisubiri Jumanne nzima. Jumatano jioni jibu likaja, na kwa kuwa redio ile ilisemea kwenye spika, watu wote tisa walilisikia. Kulingana na faili, mama wa mhusika alifariki mwaka 1970. Mgonjwa aliyetajwa ni mama wa kambo. Ruhusa ya dharura ni kwa baba, mama, mke au mtoto. Ombi halikukubaliwa.

Hamimu alikuwa hajawahi kusikia neno kambo likisemwa juu ya Mama Hayat. Sisi hatukulitumia. Alisimama pale akitazama spika, kisha akamwambia Callixte, "Mukubwa, mi niko na mama moja tu, na ni ule iko hospitali. Huyu wa dosiye hata sura yake siijue."

Callixte alimwambia anajua, na kwamba ataandika tena. Hamimu akarudi kwenye mashine zake.

Huku mjini, Sijaona alikuwa ameitwa kwenye ofisi ya watumishi ya kikosi. Nilikwenda naye siku ya Alhamisi. Aliyekuwa mezani ni ajida Astère, askari wa cheo cha kati, mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa waya upande mmoja. Simwiti mtu mbaya. Mbele yake kulikuwa na lundo la maombi, na kila moja lilikuwa na mtu wake anayelia mahali fulani. Alimweleza Sijaona bila ukali: inahitajika karatasi ya daktari yenye muhuri, inahitajika karatasi ya zone, ofisi ya utawala wa mtaa, inayothibitisha kwamba Hayat ndiye aliyemlea askari huyu tangu utoto, na inahitajika karatasi ya ndoa ya Idi na Hayat. Sijaona akamuuliza kama zote zikipatikana ruhusa itatoka. Astère akasema atazipeleka kwa wakubwa.

"Na kama mama akifariki leo?" Sijaona aliuliza.

"Kama akifariki, mulete karatasi ya kifo. Hiyo inasomeka haraka kidogo."

Alilisema kama mtu anayetoa msaada, na hakuona kwa nini Sijaona aliinuka na kutoka bila kuaga.

Siku zilizofuata naweza kuzisimulia kwa hesabu ya milango. Daktari aliandika karatasi, lakini muhuri ulikuwa kwa daktari mkuu, na daktari mkuu alikuwa safarini mpaka Ijumaa. Mkuu wa zone alituambia turudi na mashahidi wawili wenye umri unaozidi miaka hamsini, wanaokumbuka mwaka 1970. Tukawapata, mzee mmoja fundi viatu na mama mmoja muuza maharagwe, tukawapeleka, tukakuta ofisi imefungwa kwa sababu kulikuwa na mkutano wa usalama. Tukawarudisha Jumamosi. Karatasi ya ndoa haikuwepo. Idi alimwoa Hayat mbele ya shekhe na watu, na shekhe mwenyewe amekwisha kufariki. Msikitini walituandikia barua. Hatukujua kama barua ya msikiti itakubaliwa, na hakuna aliyetaka kutuambia mapema ili tusihangaike bure. Kila jioni ilitubidi tuwe nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku, kwa hiyo kila siku ilikuwa fupi, na kila mtu mwenye muhuri alikuwa anafunga mapema kuliko sisi.

Katikati ya hayo yote Sijaona alikuwa anarudi hospitali kumgeuza mama yake ubavu, kumfuta, kumnywesha uji kwa kijiko. Na kila mara anaulizwa kwa macho yuko wapi Hamimu. Ijumaa ile aliniambia kitu kilichonishtua. Aliniambia, "Angetaka, angekuja. Mutu anayetaka haombi karatasi."

Nilimweleza kwamba hawezi kutembea juu ya maji. Akasema anajua. Lakini niliona hajui, au hataki kujua, kwa sababu hasira inahitaji mtu, na jeshi halina uso.

Sasa niseme yaliyotokea kwenye boti siku hiyohiyo ya Ijumaa, kama Hamimu mwenyewe alivyonieleza miaka kadhaa baadaye, na kama Callixte alivyothibitisha alipopita barazani kwangu akiwa amekwisha kuacha jeshi.

Hamimu alikuwa chini, kwenye chumba cha mashine, spana mkononi, anakaza nati za pampu ya kuume kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi. Ndipo lilipomjia wazo. Hakuhitaji kuvunja kitu. Alihitaji tu kuacha kukaza. Baada ya siku moja pampu ingekufa yenyewe, boti ingebaki na mashine moja, na kwa kanuni zao boti yenye mashine moja lazima irudi Bujumbura kutengenezwa. Saa kumi hivi za safari, na angekuwa gatini, dakika thelathini kwa miguu kutoka hospitali. Hakuna ambaye angemlaumu, maana hakuna mwingine aliyejua mashine zile.

Alikaa na wazo hilo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kiangazi upepo wa kusini unainua mawimbi makubwa, na mashine moja ikizimika katikati ya safari, boti inageuka ubavu na kusukumwa kuelekea ufukweni, na ufukwe ule wakati ule, wenye waasi, haukuwa mahali pa kusukumwa. Watu wanane wengine walikuwa juu wanacheza karata. Aliwafikiria wale wanane, akamfikiria Mama Hayat, na anasema hakuona kwa nini yeye ndiye awekwe kwenye mizani hiyo, wakati yuko mtu mahali fulani anayeweza kumaliza jambo hili kwa sahihi moja.

Mwishowe alipanda juu, akamkuta Callixte peke yake nyuma ya boti.

"Mukubwa," alisema, "ile moteri ya kuume, kama mi siishike kila siku, inakufa. Nikiiachilia leo, Jumapili tuko Buja."

Callixte alielewa anaombwa nini. Anakiri kwamba kwa muda alitamani kunyamaza tu, kwa sababu kunyamaza kungetosha. Kisha akasema, "Usiniambie tena hiyo maneno, Hamimu. Na usiifanye. Mi nitaweka jina langu."

Jioni ile alituma ujumbe wa pili, mrefu kuliko inavyoruhusiwa, akisema kwamba yeye kama mkuu wa boti anashuhudia kuwa mgonjwa ndiye mama wa fundi wake, na kwamba akinyimwa ruhusa yeye Callixte atataka aelezwe sababu kwa maandishi. Ujumbe huo ulimletea karipio baadaye. Hamimu alirudi chini akakaza nati zote, moja moja, na aliniambia hajawahi kuchukia kazi ya mikono yake kama saa ile.

Jumatatu tulipeleka karatasi zetu kwa Astère. Barua ya msikiti ilikubaliwa. Jumanne ruhusa ikasainiwa. Siku nne. Sijaona alipoambiwa alikaa kwenye ngazi za ofisi akafunika uso kwa mtandio, na nilidhani mambo yamekwisha.

Lakini siku nne zilihesabiwa tangu siku ya sahihi, si tangu askari anapokanyaga nchi kavu. Yaani Jumanne hadi Ijumaa. Boti ilipewa habari Jumatano jioni, siku mbili zikiwa zimekwisha kuliwa. Kwa barabara ya nchi kavu askari haruhusiwi kusafiri peke yake, na msafara wenye ulinzi ulikuwa umepita jana yake. Iliyobaki ni boti ya chakula na mafuta, ambayo ilitarajiwa Jumatano hiyohiyo. Haikuja. Ilikuwa inasubiri dizeli. Haikuja Alhamisi. Hamimu alikaa juu ya begi lake, akitazama kaskazini.

Jumatano hiyo, saa ya kutembelea wagonjwa, nilikwenda hospitali nikiwa peke yangu, kwa sababu Sijaona alikuwa amerudi nyumbani kuoga. Mama Hayat alikuwa amedhoofika sana tangu jana. Macho yalikuwa wazi lakini sidhani yalikuwa yanaona vizuri. Nilipoburuta kigoda aligeuza kichwa upande wangu, akasema, "Hamimu?"

Sikupanga. Nilikuwa nimechoka na milango, na mihuri, na kumwona akiuliza. Nikasema, "Ndiyo, mama. Nimekuja."

Alinishika mkono kwa mkono wake mzima, akanishika kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. Alisema maneno mengi ambayo sikuyaelewa. Kisha akasema moja lililoeleweka, "Umekula?" Nikamjibu nimekula. Akatulia. Hakutaja tena jina la Hamimu, wala hakutazama mlango. Alifariki Alhamisi kabla ya adhuhuri, na tukamzika siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama.

Tulimwomba Sijaona aende getini kupeleka habari. Akakataa. Alisema miguu yake haitafika tena pale. Ningeweza kwenda mimi. Sikwenda, nilijiambia kwamba kwa vyovyote yuko njiani.

Boti ya chakula ilifika Nyanza-Lac Ijumaa alasiri. Callixte aliangalia karatasi ya ruhusa, iliyokuwa inakwisha usiku ule, akamwambia Hamimu apande hivyohivyo, naye atajibu. Wakatia nanga Bujumbura Jumamosi saa nne asubuhi. Getini mlinzi alisoma tarehe. Ruhusa imekwisha jana. Mtu mwenye ruhusa iliyokwisha, akiwa mbali na boti yake, ana jina lake katika sheria za jeshi, na si jina zuri. Wakamweka kwenye chumba cha walinzi, kiti kimoja, dirisha moja linalotazama mji. Kutoka dirishani aliweza kuona mabati ya Bwiza. Alieleza. Alieleza tena kwa mlinzi wa zamu iliyofuata. Akaomba mtu apelekwe hospitali hata kumwambia mama yake kwamba amefika. Wakamwambia asubiri ofisa.

Saa tisa alifika Astère. Jumamosi hafanyi kazi, walimtoa kwake. Alichukua karatasi, akaisoma, akaitambua sahihi na mwandiko wa ofisi yake. Akavuta kalamu mfukoni, akakata tarehe ya mwisho, akaandika Jumatatu saa sita, akatia herufi za jina lake pembeni. Haikuchukua dakika.

Hamimu alimtazama akimaliza, kisha akamuuliza, "Hii kalamu ilikuwa wapi wiki yote?"

Astère alivua miwani akaifuta, akasema tu kwamba aende haraka.

Alikwenda moja kwa moja hospitali. Kwenye kitanda alichoelekezwa alikuta mwanamke mwingine amelala, na binti yake anammenyea chungwa. Binti huyo ndiye aliyemwambia. Alisema yule mama wa Bwiza alizikwa juzi, na akamwuliza kama yeye ni ndugu.

Nilimwona akiingia barabara yetu saa kumi na moja. Wanaume tulikuwa tumekaa kwenye mikeka nje. Watu waliinuka kumpa pole, akazipokea zote akiwa amesimama, hakukaa. Sijaona alitoka mlangoni. Nilitazamia atalia. Alimwambia, "Umechelewa," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwambia mteja wa cherehani, akarudi ndani kwa wanawake.

Nilimchukua Hamimu nikampeleka barazani kwangu, nikamweleza yote. Nilidhani nampelekea zawadi. Nilimwambia mama hakufa akimngoja, alikufa akiamini mwanawe amefika. Nikamwambia nilivyoitika.

Akauliza, "Alikuambia nini?"

Nikamwambia.

"Hayo maneno yalikuwa yangu," alisema. "Uliyachukua." Na baadaye kidogo, si kwa hasira ya kupigana, bali kwa uchovu, "Na we ulijibu umekula. Mi sikula siku mbili kule botini."

Nimewahi kuulizwa na watu kama nilifanya vizuri au vibaya. Nilifanya. Ofisi ingefanya kazi yake, nisingekuwa na haja ya kujiita mtu mwingine mbele ya mwanamke anayekufa.

Jumapili alikwenda makaburini na wazee. Jumatatu asubuhi, Sijaona akiwa amemtengea chai na mandazi ili kabla ya kuondoka wazungumze hata kidogo, Hamimu aliivaa sare yake mapema akatoka. Alikwenda ofisi ya watumishi. Alimkuta Astère, akataka faili lake lirekebishwe: mama, Hayat. Astère akamweleza kuna mstari mmoja tu na tayari una jina. Hamimu akasema hatatoka. Akakaa kwenye benchi mbele ya meza ile, hasemi kitu. Saa tano Astère alifungua faili, na pembeni, mahali pa maelezo mengine, akaandika kwamba askari huyu alilelewa na Hayat, mke wa baba yake, marehemu. Akapiga muhuri. Ilikuwa haina faida yoyote tena kwa mtu yeyote. Hamimu aliisoma mara mbili, akapiga saluti, akaenda kupanda boti.

Sijaona alikaa na chai ile mpaka ikapoa. Kwa muda mrefu alisema kwamba kaka yake alipewa siku moja na nusu ya kuwa na watu wake, akaenda kuimalizia kwa karani.

Mimi na Hamimu hatukusemezana karibu miaka miwili. Alipokuja likizo alipita upande wa pili wa barabara. Kisha siku moja mwaka 2001 aliniletea redio ya boti iliyokuwa imeungua, akaiweka mezani, akasema ina tatizo la sauti, na tukaanza hapo, kwa nyaya na risasi ya kuungia, bila kulitaja lile jambo.

Aliondoka jeshini mwaka 2005, wakati askari wengi walipopunguzwa. Sasa ana karakana ya mashine za boti Cibitoke, ndani ya mji, mbali kidogo na maji, kwa sababu kiwanja kilipatikana huko. Alioa. Yeye na Sijaona wanatembeleana siku za Idi, na watoto wake wanamwita shangazi bila kujua kwamba kuna wakati neno hilo nalo lingehitaji karatasi. Lakini mtu akitaja mbele yake ofisi, au fomu, au akimwambia jambo fulani litachukua siku chache tu, utamwona anaweka chini chombo alichoshika na kutoka nje. Juzi mteja mmoja alimwambia hivyo kuhusu kipuri kinachosubiri ruhusa ya forodha. Hamimu alitoka, akasimama juani mlangoni akitazama barabara, na mteja akaniuliza mimi niliyekuwa nimekaa pale kama amemkosea. Nilimwambia hapana, akae asubiri.